Pijo Kuelekea Bukoba: Shajara ya Maandalizi ya Dokumentari ya Bajeti Ndogo

20 Aprili: Njia inafupishwa

Mradi huu ni wa dokumentari isiyozidi dakika 40, itakayomfuata mpenzi mmoja wa magari, mzee wa Nyakato hapa Mwanza, akisafiri kwa Peugeot 504 ndefu ya viti vya safu tatu ambayo ameimiliki tangu enzi zake za udereva wa teksi. Mtaani wanamwita Mzee wa Pijo, na shajara hii itamwita hivyo hivyo mpaka atakapoamua mwenyewe kama jina lake la kwenye kitambulisho litokee kwenye filamu. Timu ina mpigapicha, fundi sauti, na mimi ninayeongoza, kupanga na, inapobidi, kuendesha gari la pili.

Wazo tulilolipokea kutoka kwake lilikuwa kubwa. Alitaka kulizunguka Ziwa Victoria lote: atoke Mwanza apite Bunda na Tarime, avuke Sirari kuingia Kenya, ashike Kisumu, aingie Uganda kwa Busia, apite Kampala na Masaka, kisha arudi Tanzania kwa Mutukula na kumalizia Bukoba, Geita na nyumbani. Kwenye ramani safari hiyo inapendeza, maana inaligusa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika kutoka kila upande na haipiti mahali pamoja mara mbili. Mezani kwetu, hata hivyo, ilikuja na nchi tatu, maombi matatu ya vibali vya kupiga filamu, bima ya gari inayotambulika nje ya mipaka, na orodha ya vifaa ya kugongwa mihuri forodhani kila tunapoingia na kutoka, ili siku ya kurudi tusidaiwe ushuru wa kamera tuliyoondoka nayo sisi wenyewe.

Nilidhani itabidi nimbembeleze apunguze. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, tena Kisumu simfahamu fundi hata mmoja. Gari bila fundi mnayefahamiana ni mzigo." Kisha akaingia ndani akatoka na daftari.

Daftari hilo linastahili maelezo, kwa sababu tangu siku hiyo ndilo muswada wetu. Ni kaunta buku lenye jalada gumu, kona zake zimelainika kwa grisi, na kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, kilomita za dashibodi, kifaa kilichobadilishwa, bei, mahali, na mwisho safu pana aliyoipa kichwa cha "Fundi". Humo ndimo anamoandika kwa kirefu. Mstari mmoja wa Katoro unasema pampu ya maji ilifungwa na kijana anayetumia mkono wa kushoto, na kwamba kijana huyo alikataa hela ya chai. Mwingine wa Biharamulo unasema fundi alilala chini ya gari usiku kucha kwa mwanga wa kandili, na asubuhi akaomba alipwe kwa kupewa lifti ya kwenda msibani. Hakuna hata mstari mmoja unaozungumzia mandhari ya ziwa.

Kwa hiyo njia imefupishwa, na imefupishwa na mwenye gari mwenyewe. Tutakwenda Mwanza hadi Bukoba kwa barabara na kurudi, kwa kupita Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, Katoro, Biharamulo na Muleba, tukisimama palipo na fundi aliyeandikwa kwenye daftari. Safari inabaki kuwa ya mpenzi wa magari, lakini anachokifuata ni watu walioliweka gari lake barabarani. Muda wa kupiga picha utakuwa Julai, masika yakiwa yamekwisha na tope likiwa limekauka kwenye barabara za pembeni.

3 Mei: Hesabu, na kilichojitokeza humo

Fedha iliyopo ni shilingi 4,800,000. Imetokana na akiba ya studio, na akiba ya studio imetokana na video za harusi, sendofu na kipaimara. Hakuna mfadhili, na hatutamtafuta kwa filamu hii, kwa kuwa masharti ya ufadhili mdogo aghalabu huwa makubwa kuliko ufadhili wenyewe.

Nilianza na mafuta, nikiamini ndiyo yatakayotumaliza. Pijo ikiwa na mzigo tumeikadiria lita 12 kwa kilomita 100, na Toyota Probox tuliyoazimwa kwa ajili ya vifaa lita 8. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi na hupanda na kushuka, hivyo kwa tahadhari tumetumia shilingi 3,200 kwa lita. Kwa kilomita 1,000 za kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya mijini, ni lita 200, yaani shilingi 640,000.

Malazi na chakula ndivyo vilivyonishtua. Watu wanne, chumba cha gesti cha shilingi 25,000 kila mmoja na chakula cha shilingi 20,000, ni shilingi 180,000 kwa siku moja, hata kama gari halikusogea. Kwa siku nane ni shilingi 1,440,000, zaidi ya mara mbili ya mafuta. Mtu anaweza kusema basi tukimbie, tupunguze siku. Lakini tazama siku ya kupita tu: kilomita 300 kwa magari yote mawili ni lita 60, sawa na shilingi 192,000, na jioni bado mnalala na kula kwa shilingi 180,000 zile zile. Jumla ni shilingi 372,000 kwa siku ambayo kamera imeona vioo na lami. Kwa fedha hiyo hiyo tunaweza kukaa Katoro siku mbili kamili, tukaona gereji ikifunguliwa, ikifurika wateja, ikikosa spea, ikifungwa, na salio likabaki. Dokumentari ya safari yenye bajeti ndogo, kwa hesabu hii, inapaswa kusafiri kidogo kadiri inavyowezekana, na tangu leo kila pendekezo la kuongeza kituo linapimwa kwa kipimo hicho. Ukerewe iliyopendekezwa na mpigapicha imeondoka kwa sababu hiyo, ingawa anaipenda na ingawa kuliingiza Pijo kwenye kivuko kungependeza sana.

Mengineyo niyataje kwa haraka: spea na ufundi shilingi 500,000, kukodi vifaa vya sauti 450,000, diski mbili za kuhifadhia 420,000, vibali na barua 350,000, uhariri na urekebishaji wa rangi na sauti 500,000. Jumla pamoja na mafuta, malazi na chakula ni shilingi 4,300,000. Ukiongeza asilimia 10 ya dharura unafika 4,730,000. Yanabaki shilingi 70,000.

17 Mei: Gari lenyewe

Watazamaji wengi wa rika langu na chini yake wamelikuta Pijo likiwa limechoka, juu ya matofali, kuku wametaga ndani. Filamu italazimika kuwaonyesha lilikuwa nini, bila mhadhara. Mambo ya msingi yako wazi: 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, ikachaguliwa gari la mwaka la Ulaya mwaka 1969, na iliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria miaka mingi baada ya Ufaransa yenyewe kuachana nayo, Nigeria ilifika mwaka 2006. Kwenye mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally), yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 ikashinda tena ile ya milango miwili ikiwa na Jean-Pierre Nicolas. Mzee anayataja majina hayo kama anavyotaja ya majirani, kwa matamshi yake mwenyewe, na hatutamsahihisha.

Tulijadili kama tutafute picha za zamani za mashindano hayo. Nimekataa. Picha za kumbukumbu zina wenyewe, na wenyewe hutoza kwa sekunde. Isitoshe, Mzee hakuyaona mashindano kwa macho. Aliyasikia redioni na kuyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Akisimulia alivyosikia, huku mkono ukiwa juu ya usukani ambao gia yake imechomoza ubavuni, tunapata kitu ambacho hifadhi yoyote ya picha haina.

Kiufundi gari lina injini ya lita mbili ya kabureta, nayo ni nzima kuliko nilivyotarajia. Rejeta limezibuliwa, pointi za distributa ni mpya, na plagi anazo seti mbili kwenye kisanduku cha dawa za meno. Kasoro iko kwenye klachi, ambayo inashika juu mno, na kwenye bushi za mbele. Jambo moja linatuhusu sisi wa kamera moja kwa moja. Saluni ya 504 ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, lakini hii ndefu ina difu zima, yaani ekseli moja inayounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, lililokaa juu ya springi koili nne, kwa sababu ilitengenezwa kubeba. Likiwa tupu, nyuma hurukaruka; likipakiwa, linatulia. Tumelijaribu kwenye barabara ya mawe ya kupandia mlimani kwake, kamera ikiwa imefungwa kwenye kiti cha kati: bila mzigo picha haitazamiki, na magunia mawili ya mchele yalipowekwa nyuma ikawa nzuri. Kwa hiyo magunia mawili yatasafiri nasi, na mama mwenye nyumba, yaani mke wa Mzee, ameshauliza yatakaporudi yatakuwa na uzito ule ule.

Mgogoro wa wiki ni rangi. Mzee anataka kulipiga gari rangi upya kabla ya safari, bodi lote, nyeupe ya maziwa. Mimi nataka libaki lilivyo, kwa kuwa kila kiraka cha rangi kwenye mlango na boneti kina ukurasa wake kwenye daftari, na ukifunika viraka umefuta nusu ya ushahidi. Alinisikiliza kwa adabu zote, akasema, "Kijana, huwezi kumtoa bibi harusi na nguo za shambani." Sikuwa na jibu, na bado sina la kutosha. Tumekubaliana hivi: upande wa kushoto na nyuma havitaguswa mpaka turudi, boneti na upande wa dereva vitasafishwa na kupigwa polishi tu, na siku tukirudi, rangi itapigwa kwa fedha ya spea iliyobaki, kama itabaki, nasi tutalipiga picha zoezi hilo. Nadhani ametoka na mapatano mazuri kuliko mimi.

Mpigapicha alipendekeza kwa nusu mzaha kwamba, kwa kuwa gari ni zima hivi, tulegeze kitu ili liharibike mahali pazuri. Hilo halitafanyika. Kama Pijo litakwenda Bukoba na kurudi bila kufunguliwa boneti, filamu itaeleza hivyo, na mafundi wataonekana wakifanya kazi kwenye magari ya wengine.

22 Mei: Swali la Bukoba

Jana ilikuwa 21 Mei, tarehe ilipozama MV Bukoba mwaka 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza kutokea Bukoba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Mzee alikuja studio bila kuitwa. Alieleza kwamba ni baada ya hapo ndipo alipoanza kupata abiria wa teksi wa kwenda Bukoba kwa barabara, watu ambao hawakutaka tena kukanyaga meli, na wengine waliomlipa zaidi ili asimame tu barabarani wapumue. Kabla ya mazungumzo haya nilikuwa nimeiweka Bukoba kama mwisho wa njia kwa sababu za ramani. Sasa ina sababu yake.

Uamuzi wangu, nauandika hapa ili wakati wa uhariri nisishawishike: jambo hili litaulizwa mara moja tu, likijibiwa limejibiwa, halitawekewa muziki, na hatutakwenda na kamera makaburini Igoma, walikozikwa wahanga. Kama atataka kwenda mwenyewe, tutampeleka kama watu wanaomfahamu.

8 Juni: Vibali

Upigaji filamu nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na sheria hiyo haibagui filamu ndogo na kubwa: kibali kinaombwa kabla ya kupiga, na filamu iliyokamilika inapelekwa kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Nimewasilisha maelezo ya filamu, orodha ya timu, orodha ya vifaa na maeneo. Ushauri wangu kwa wenzangu wa mikoani ni kuandika maeneo kwa upana wa kutosha, wilaya kwa wilaya, kwa sababu dokumentari haijui mapema itasimama wapi, na mtendaji wa kijiji akiona jina la wilaya yake kwenye barua mazungumzo huwa mafupi.

Pamoja na kibali cha taifa tunabeba barua ya serikali ya mtaa wa Mzee, na tutajitambulisha kwa watendaji kila tunapolala. Si sharti la fomu yoyote niliyojaza, ila mtu aliyefika na maikrofoni yenye manyoya kwenye gereji ya watu bila salamu ya ofisini hujitafutia mchana mrefu.

Droni tumeifuta kabisa. Inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya vyombo vya usalama, na maombi hayo yana mwendo wake ambao hautazami Julai yetu. Lakini hata kama idhini ingetolewa kesho, ningesita. Gari kuukuu likitazamwa kutoka juu ni gari tu. Kinacholitofautisha ni vitasa, kioo cha pembeni kilichofungwa kwa waya, na sauti yake likishika mlima, na vyote hivyo viko usawa wa macho. Kwa mantiki hiyo hiyo Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza, halimo kwenye orodha ya picha. Limetosha kwenye kalenda.

Ridhaa ya watu nayo tunaiandika. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura na sauti ya mtu si vitu vya kuchukua kwa kuitikiwa kwa kichwa. Nimetunga karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, inayosema filamu ni ya nini, itaonyeshwa wapi, na kwamba mtu anaweza kujitoa kabla ya uhariri kukamilika. Asiyependa kusoma atasomewa, na jibu lake litarekodiwa kwa sauti. Nambari za magari ya wateja gerejini zitafichwa.

16 Juni: Sauti na mwanga ndani ya Pijo

Hapa ndipo tumetumia muda mwingi kuliko mahali pengine, na nadhani ni haki. Mtazamaji husamehe picha yenye chenga. Hasamehi sauti asiyoielewa. Ndani ya Pijo likiwa kasi ya kilomita 70 kwa saa kuna injini, upepo wa dirisha lisilofunga hadi juu, na mlio wa chuma kutoka mlango wa nyuma ambao Mzee anadai hausikii. Fundi sauti alipima kwa maiki ya kifuani, kisha kwa maiki ya bunduki, ile ndefu inayonasa sauti ya upande inakoelekezwa, iliyoning'inizwa juu ya kioo cha ndani, na majibu ya zote mbili ni kwamba maneno yanasikika kwa sentensi fupi tu. Kwa hiyo mahojiano marefu yatafanyika gari likiwa limesimama, injini imezimwa, vioo vimepandishwa, na gari likigeuzwa kuwa chumba cha kurekodia. Viti vya Pijo ni vinene na paa lina kitambaa, hivyo sauti inatulia humo kuliko kwenye sebule nyingi za bati. Njiani tutarekodi yale yanayosemwa njiani: matusi mepesi kwa bodaboda, salamu, na ukimya.

Injini itarekodiwa peke yake, kwa kinasa tofauti, boneti likiwa wazi, kisha nyuma kwenye silensa, kisha ndani, ikiwashwa ikiwa ya baridi kwa choki na ikiwashwa ikiwa ya moto. Mzee amefurahia zoezi hili kuliko yote. Aliposikia mara ya kwanza sauti ya gari lake kupitia spika za masikioni alifumba macho, akanyoosha kidole, akasema vavu moja inahitaji kurekebishwa. Alikuwa sahihi, alifungua kifuniko papo hapo na kutuonyesha nafasi iliyozidi.

Kuhusu upepo: karibu na ziwa, ardhi ikishapata joto kuliko maji, hewa huvuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu, na huendelea hadi jioni. Kwa hiyo mazungumzo yote ya nje, hasa Sengerema na Bukoba, yamepangwa asubuhi, na mchana tumeuachia gereji ambazo zina kuta.

Mwanga ulituletea jambo ambalo halikuwa akilini mwa yeyote kati yetu. Mwezi Julai jua liko kaskazini yetu. Dereva wetu anakaa kulia. Tukienda magharibi, kutoka Busisi kuelekea Geita na Biharamulo, dirisha lake linatazama kaskazini, yaani kwenye mwanga, na kamera iliyoko kiti cha abiria inamwona akiwa kivuli mbele ya dirisha linalowaka. Tukirudi mashariki kwa barabara hiyo hiyo mambo yanageuka: jua linaingia upande wa abiria na kumwangukia usoni, ule upande ambao kamera inauona. Basi tutakapokwenda, kamera ya ndani itatazama mikono, gia, dashibodi na barabara. Uso wake akiendesha tutaupiga tukirudi. Kwa bahati hilo linaendana na hadithi, kwa kuwa mtu huzungumza zaidi akirudi. Jua huchomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi na kuzama kabla kidogo ya saa moja jioni, na huku kwetu giza haliombi hodi, hivyo mwanga laini wa jioni ni wa muda mfupi na hauna nafasi ya kubishana.

Mipangilio ya kamera: picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za gerejini hupepesa kwenye picha usipolingana nao. Mahojiano tutapiga kwa ubora wa juu wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao ni gigabaiti 45 kwa saa, kusudi kamera moja iweze kutupa picha pana na ya karibu wakati wa uhariri. Barabara tutapiga kwa nusu ya kiwango hicho. Kwa makadirio ni gigabaiti zipatazo 110 kwa siku, zitakazonakiliwa kila usiku kwenye diski mbili, moja ikisafiri kwenye Pijo na nyingine kwenye Probox. Betri zitachajiwa kwenye Probox. Jenereta ya Pijo ni ya umri wa Pijo, na Mzee alipoombwa akubali inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, alitutazama kana kwamba tumemwomba damu.

20 Juni: Kigongo

Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi kwa urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo kila gari la njia hii lilipanga foleni ya kivuko, na kwa Mzee foleni ilikuwa sehemu ya ufundi. Pijo lilifika Kigongo likiwa limekolea moto, likazimwa, boneti likainuliwa, dereva akala samaki, na wakati zamu inafika rejeta limepoa na maji yameongezwa. Sasa anavuka kwa dakika chache na injini haipumziki mpaka Sengerema. Analisifu daraja kwa dhati, na papo hapo anasema amelazimika kuongeza feni ya umeme kwa sababu yake. Sentensi hizo mbili nimezisikia kwake zaidi ya mara moja, na zitafunguliwa nafasi ya dakika tatu hadi nne, ndefu kuliko kituo kingine chochote cha barabarani.

Juu ya daraja lenyewe hatutasimama. Tutapiga tukiwa kwenye mwendo, na tumeandika barua TANROADS, wakala wa barabara, kuomba kuweka stendi ya kamera ufukweni upande wa Kigongo. Kama jibu halitafika kabla ya Julai, tutatumia picha za ndani ya gari na sauti ya matairi yakipita kwenye viungo vya daraja, ambayo fundi sauti anaitaka kuliko picha.

24 Juni: Hali ilivyo sasa

Klachi imefungwa na bushi za mbele zimepatikana, si mpya, ila nzima, kutoka kwa mtu wa Mabatini aliyelichinja Pijo lake mwaka jana. Kibali bado kinashughulikiwa. Mafundi wanne kati ya walioandikwa kwenye daftari wamepatikana kwa simu. Mmoja wa Geita ameacha ufundi na sasa anauza vifaa vya machimbo, lakini anasema mikono haijasahau. Yule wa mkono wa kushoto wa Katoro hatujampata, na kwa kuwa ndiye ambaye Mzee anamtaja zaidi, siku ya pili ya Katoro imetengwa kumuulizia gereji kwa gereji, kamera ikiwa imewashwa tangu swali la kwanza.

Suala lililokuwa gumu lilikuwa la mama mwenye nyumba. Bila yeye filamu ingekuwa ya mzee mmoja na mapenzi yake, na mapenzi hayo yana mtu aliyeyalipia. Amekuwa akisema waziwazi, sufuria mkononi, kwamba gari hilo limekula ada ya watoto wawili. Lakini kila kamera ilipotoka begini alinyanyuka. Sikumsihi. Wiki hii ameniita mwenyewe, akatoa masharti: sauti yake itumike, sura isionekane, Mzee asiwepo anapozungumza, na aisikie kabla hatujaitumia. Nimekubali yote manne na kuyaandika kwenye karatasi yake ya ridhaa. Fundi sauti atakwenda Alhamisi saa mbili asubuhi, Mzee akiwa gerejini.

Jumamosi ni jaribio kamili, magunia, maiki, diski na yote, kwa njia ya Igoma hadi Kisesa na kurudi. Mzee ameomba lifike Magu, kwa maelezo kwamba Pijo halijapata moto wa kutosha kabla ya Kisesa na kwa hiyo tutarekodi injini isiyo yake. Zinaongezeka kilomita zipatazo 90, ambazo kwa gari lake pekee ni lita 11. Nimeridhia, Probox ikibaki Kisesa kutusubiri, na shilingi 35,200 zimekatwa kutoka kwenye zile 70,000.